Uzoefu wangu na Toyota IST: gari limekwisha, sisi tupo

IST yangu imeuzwa vipandevipande, na hela ikitimia nitanunua IST nyingine. Naanza na hukumu kwa sababu najua anayesoma habari za gari hili anataka jibu moja tu, linafaa au halifai. Linafaa. Ila sitaeleza linavyobana mafuta wala spea zake zinavyopatikana mpaka Newala, hayo yameshasemwa na kila mtu. Mimi naeleza gari hili linafanya nini likila mzinga na nyie mkiwa ndani.

Lilikuwa toleo la kwanza, lile lililotengenezwa 2002 hadi 2007, lenye injini ndogo ya 1.3. Eabegi (mifuko inayojaa gesi wakati wa ajali ili kumkinga aliyemo) mbili za mbele, moja kwenye usukani na moja kwenye dashibodi. ABS, yaani breki zisizofunga matairi. Mikanda ya mbele ile inayojikaza yenyewe wakati wa ajali. Eabegi za pembeni hazikuwepo, na hilo nitalirudia. Kwa kazi zangu za Mtwara mjini na Mikindani lilitosha, na msimu wa korosho ulipofika lilinipeleka Ndanda na Masasi bila kunung'unika. Kwenye njia za mchanga tumbo linagusa chini, hilo lijulikane kabla hujanunua.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka Masasi kurudi Mtwara, safari ya karibu kilomita 200. Mimi nikiendesha, shemeji yangu amekaa kushoto, mama yangu mzazi nyuma. Nyangao tumeshaipita, Mtama iko mbele, jua linazama. Upande wa pili kulikuwa na lori la magunia limeharibika, na nyuma yake yamewekwa matawi ya miti barabarani, kama tulivyozoea, pembetatu hakuna. Pikapu iliyokuwa ikija kwa kasi iliyaona matawi ikiwa imeshayafikia. Ikalikwepa lori na kuja upande wangu.

Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Pedali ikawa inatetemeka na kugonga chini ya mguu, na hapo ndipo watu wengi wanaachia wakidhani breki imekufa. Haijafa. Ni ABS inashika na kuachia matairi kwa haraka ili yasijifunge, na kwa sababu hiyo usukani unaendelea kukutii. Nilipovuta kushoto gari lilikwenda kushoto. Halikwenda vya kutosha, lakini badala ya kugongana uso kwa uso, kona ya kulia ya pikapu iliingia kwenye kona ya kulia ya gari langu.

Kilichofuata sikukiona. Eabegi hujaa ndani ya sehemu tatu hadi tano za mia za sekunde, kabla jicho halijafumba na kufumbua, na nilipojitambua ilikuwa imeshanywea na kulala juu ya mapaja yangu. Ndani kulijaa vumbi jeupe na harufu ya baruti. Shemeji akawa anapiga kelele, "Shemeji toka, gari linaungua!" Halikuwa linaungua. Lile vumbi ni la eabegi lenyewe, unga wa kuuzuia mfuko usigandamane miaka yote uliyokunjwa, na harufu inatoka kwenye kile kibaruti kinachozalisha gesi ya kuujaza. Laiti tungekuwa tumeambiwa mapema. Mama, kutoka nyuma, alikuwa anauliza mguu wangu kama upo.

Mguu ulikuwepo. Mlango wangu ulikataa kufunguka, wa shemeji ukafunguka kwa mkono kama siku zote. Bodaboda waliofika kwanza walitutolea upande huo, na mmoja wao, Mungu ambariki, akafungua boneti iliyokunjika akachomoa waya wa betri kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilivunjika mtulinga wa kulia, pale pale mkanda ulipopita begani, na mkono ukababuka kwa joto la eabegi. Shemeji alipata michubuko. Mama alivunjika ubavu mmoja. Madaktari walimlaza kwa sababu ya alama ya mkanda tumboni, wakampiga picha ya altrasaundi na kumwangalia usiku kucha. Alama ile inaweza kuficha utumbo au ini lililoumia ndani na mgonjwa akajiona mzima. Kwa hiyo ukitoka kwenye ajali na mstari mwekundu tumboni, usikubali kuambiwa nenda nyumbani ukameze Panadol. Na mkanda wa chini unatakiwa kukaa kwenye nyonga, juu ya mifupa, usipande tumboni. Mama alikuwa amejilaza kidogo kwenye siti, ndiyo maana ukapanda.

Yule mama alifunga mkanda wa nyuma kwa shingo upande. Kwetu mkanda ni wa dereva na wa aliyekaa mbele, na wenyewe hufungwa askari wa usalama barabarani akionekana. Aliyeko nyuma anajiona kakaa sebuleni. Hesabu yake ni hii: mtu wa kilo 60 asiyefungwa, gari likigota kutoka spidi 50 ndani ya nusu mita, anaruka mbele kwa nguvu ya zaidi ya tani moja, na kilicho mbele yake ni mgongo wa siti ya shemeji. Mama angemuua shemeji, na yeye mwenyewe asingepona. Sijui hiyo misiba miwili ningeieleza vipi kwa mume wangu.

Sasa nije kwa mjomba, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike. Mjomba wangu wa Newala ana Land Rover 109 ya miaka mingi, na anaipenda kuliko baadhi yetu. Alikuja kunijulia hali, akapita kituo cha polisi kuliona gari, akarudi ametikisa kichwa mpaka nikamwonea huruma.

"Mpwa wangu," akasema, "mabati gani haya ya Kijapani? Mbele kote kumekunjamana kama karatasi. Land Rover yangu ingetoka hapo na mkwaruzo wa bampa."

"Inawezekana mjomba," nikamjibu. "Lakini nguvu ya kugongana ingekwenda wapi?"

Mbele ya IST ilikuwa imekwisha kweli. Boneti imepinda, shoo ya mbele haipo, taa ya kulia imesukumwa ndani, tairi la kulia limerudi nyuma. Lakini kuanzia nguzo ya kioo cha mbele kurudi nyuma, kile chumba tulichokaa, hakikuwa kimebadilika umbo. Na ndivyo kilivyokusudiwa. Mtu akiruka kutoka juu ya mwembe hukunja magoti anapofika chini. Asipokunja, mshindo wote unapanda kiunoni. Mbele ya gari ndiyo magoti yake. Kila sentimita ya chuma iliyokunjika ilikula sehemu ya mwendo na kurefusha kidogo muda wa kusimama, na katika ajali muda huo mdogo ndio uhai wenyewe. Gari lenye chesesi ngumu lisilokunjika linasimama ghafla zaidi, na mshindo wote unampata aliyemo.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi tunavyodhani. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, alilibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950: chumba cha abiria kiwe kigumu, mbele na nyuma kulainike. Mwaka 1959 likatoka gari la kwanza la kiwandani lililojengwa hivyo. Mwaka huo huo Nils Bohlin wa Volvo, aliyewahi kubuni viti vya kurushia marubani nje ya ndege za Saab, akatoa mkanda wa pointi tatu tunaoufunga mpaka leo, na Volvo wakaruhusu kampuni nyingine zote ziutumie.

Mjomba hakushawishika kwa maneno, kwa hiyo nilimwonyesha video kwenye simu. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959, lile dubwana la chuma, na Chevrolet Malibu ya 2009, kona kwa kona, kila moja ikienda kama kilomita 64 kwa saa. Ni ajali ya aina yangu kabisa. Chumba cha Bel Air kinavunjika, usukani unamfuata dereva, yule mwanasesere wa majaribio anaumia vibaya. Malibu inakunjika pua na dereva wake angetoka na jeraha la mguu. Mjomba aliiangalia mara ya pili bila kuombwa. Kisha akasema Land Rover ni ya Waingereza, hiyo ni ya Wamarekani. Basi.

Kasoro za IST sasa, maana sijalipwa na mtu. Kwanza hizo eabegi za pembeni ambazo langu halikuwa nazo. Pikapu ile ingenigonga mlangoni badala ya konani, kati yangu na bampa yake kungekuwa na mlango tu. Yapo yaliyoagizwa nazo tangu kiwandani. Ukiona neno SRS Airbag pembeni ya siti za mbele au kwenye nguzo za milango, jua umepata, na ongeza hela ulichukue. Pili, waliokaa nyuma hawana kinga nyingine zaidi ya mkanda. Tatu ni umri. Haya magari yana miaka karibu ishirini au zaidi, na kila kilichomo kimezeeka nayo.

Umri unanileta kwenye taa ya eabegi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanaibiwa. Ukiweka swichi bila kuwasha gari, ile taa nyekundu ya mtu na duara inatakiwa iwake, ikae sekunde chache, izime. Isipozima, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, maana kuna mafundi wanang'oa balbu au kuiunganisha na taa nyingine ili usijue kwamba eabegi zilishalipuka kwenye ajali ya zamani na juu yake pamebandikwa kifuniko kitupu. Gari linang'aa rangi, usukani una nembo yake, ndani hakuna kitu. Niliangalia taa hiyo kabla ya kununua kwa sababu mwenzangu kazini alisisitiza, na kila nikitazama ule mkono wangu ulioungua namshukuru.

Na kuna suala la Takata. Kampuni hiyo ya Japani iliuzia watengenezaji wengi wa magari, Toyota na Honda wakiwemo, eabegi zinazotumia amoniamu naitreti. Kemikali hiyo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku eabegi inapolipuka kile kikopo cha chuma kinaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande. Watu wamekufa nchi mbalimbali, magari mamilioni yakaitwa kurekebishwa, kampuni ikafilisika 2017. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya hewa, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati. Chukua namba ya chesesi, ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, uangalie kama limo kwenye orodha na kama lilishabadilishwa. Ni bure.

Spidi nayo niiguse kidogo. Kutoka 80 kwenda 100 unaona umeongeza robo tu, lakini nguvu ya kugongana inaongezeka kwa zaidi ya nusu, maana inakwenda kwa mraba wa mwendo. Mimi nilikuwa chini ya 80 na breki zilishapunguza. Gari lile lile kwenye 110 lisingekuwa na mbele ya kutosha kukunjika, na chumba kingeanza kutoa mchango wake.

Gharama: nilikuwa na bima kubwa. PF3 tulizichukua polisi, karatasi nyingine zikafuata taratibu mno, na mwishowe bima wakakubali kwamba gari halitengenezeki, wakalipa wakanipa nafasi ya kulinunua bodi lenyewe kwa bei ndogo. Fundi bodi mmoja alinihakikishia atalinyoosha lirudi jipya, hata mke wangu hatajua. Nikamwambia mimi ndiye mke. Chuma kilichokunjika kikanyooshwa kwa nyundo na moto hakirudi kuwa kile cha kiwandani. Safari ijayo hakitakunjika pale kilipopangiwa, au kitakunjika hovyo mpaka ndani. Anayetaka kununua lililonyooshwa anunue, ila ajue anachonunua.

Kwa hiyo nimeliuza vipande. Injini ilikuwa nzima, gia nzima, milango mitatu, taa za nyuma, siti. Kijana mmoja wa Lindi aliulizia mikanda ya mbele, akasema inaonekana bado mizuri na yuko tayari kulipa hapo hapo. Hiyo niliikata kwa kisu mbele yake. Mkanda uliokwisha kumzuia mtu kwenye ajali umevutika nyuzi zake, na kile kibaruti cha kuukaza kinalipuka mara moja tu, hakuna cha pili. Akacheka, akachukua taa.