Kuona matumbawe Mbudya kwa miwani na mrija: uzoefu wangu

Niliwaamini waongozaji wa boti wa Kunduchi, Dar, pale walipokataa hela yangu. Nilipiga simu nikitaka kwenda kisiwa cha Mbudya Jumamosi, nahodha akanijibu, "Dada, Jumamosi hii ni bamvua. Maji yanakimbia, huko chini hutaona kitu. Subiri wiki ijayo, maji mafu." Wapo ambao wangepokea malipo kisha wakupeleke ukatazame vumbi la mchanga.

Kwa anayefuata matumbawe, hilo ndilo jambo la kwanza. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua: bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo unakaza na maji yanachafuka. Baada ya wiki hivi yanatulia, ndiyo maji mafu. Mimi napenda zaidi mwishoni mwa kaskazi, upepo ukianza kulegea. Kusi ikishika, boti inarushwa sana.

Kufika ni rahisi: daladala hadi Mtongani, bajaji hadi ufukweni, halafu boti, chini ya nusu saa.

Hatukutupwa majini tu. Tulianza kwenye maji ya kiunoni, tukafundishwa kuuma mrija, kupumua taratibu kwa mdomo, na kutemea mate kioo cha miwani kabla ya kukisuuza ili kisiweke ukungu. Mdogo wangu hajui kuogelea. Hakuna aliyemcheka wala kumharakisha. Alivishwa jaketi la kuokolea, akapewa boya la kushika, na mwongozaji mmoja akawa wake muda wote. Alipoinua kichwa mara ya kwanza alipiga kelele, "Dada, wamenizunguka! Wa njano!" Machozi yalinilenga. Wengi wetu tumezaliwa Dar na bahari tunaijua kwa kuitazama kutoka Coco Beach.

Huko chini si pazuri kila mahali, na mwongozaji hakuficha. Kuna sehemu ni vifusi vitupu: wavuvi wa baruti wamevunja matumbawe haya kwa miaka mingi, na joto la bahari la 1998 liliyapausha mengi. Alitupeleka makusudi juu ya vifusi hivyo atuonyeshe matumbawe machanga yaliyoanza kushika, mengine hayazidi kiganja, na akamkemea mgeni mmoja aliyetaka kusimama juu ya matumbawe hayo. Nilimheshimu sana kwa hilo. Mbudya ni eneo tengefu tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, lakini kumlinda tumbawe asikanyagwe ni kazi ya aliye pale pale majini.

Chakula cha mchana tulikula kisiwani chini ya vibanda vya makuti, samaki wa kukaanga na chipsi. Agiza mapema, kabla hujaingia majini, la sivyo utasubiri sana. Uliza pia kama bei ya boti imejumuisha kiingilio cha hifadhi, yetu haikujumuisha.

Kasoro yao ni vifaa. Mapezi ni ya saizi kubwa karibu yote, na miwani haibani kwenye uso mdogo, hivyo binti wa familia tuliyokuwa nayo alikuwa anatoa maji kila dakika mpaka akakata tamaa akarudi botini. Mtoto aliyeamka alfajiri kwa hamu ya kuona samaki hastahili hivyo. Nimewaambia ana kwa ana: wanunue miwani ya watoto kabla shule hazijafungwa Desemba.