Mabomu ya 1998: mahakama au makombora?

Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa na kundi la al-Qaeda. Watu 224 walikufa, wengi wao Wakenya. Marekani ilishika njia mbili kwa mpigo.

Ya kwanza, vita. Agosti 20 ilirusha makombora Afghanistan na Sudan, ikitaja haki ya kujilinda chini ya Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, kikawa kifusi, kwa ushahidi ambao wengi hadi leo wanautilia shaka. Na kisheria, vita kati ya dola na kundi huhitaji kundi lenye mpangilio na mapigano ya muda mrefu. Shambulio la asubuhi moja linatosha? Mimi sioni.

Ya pili, jinai. Mwaka 2001 mahakama ya New York iliwatia hatiani watu wanne, wakafungwa maisha. Polepole, ndiyo, lakini walikuwa na mawakili.

Mtanzania Ahmed Ghailani alipitishwa zote mbili: alikamatwa Pakistan 2004, akawekwa Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani, kama adui wa vitani, kisha akafikishwa New York. Mwaka 2010 alifutiwa mashtaka zaidi ya 280. Lilibaki moja, nalo likamfunga maisha.