Jedwali la Excel au viungo vya Jira: kuunganisha mahitaji ya wadau na majaribio

Kabla wadau hawajaupokea mfumo wa kompyuta, swali ni moja: kila walichoomba kina jaribio lake?

Jedwali la Excel linajibu haraka. Safu mlalo ni mahitaji, safu wima ni majaribio, alama inawekwa vinapokutana. Mkuu wa idara hahitaji kufundishwa wala kufunguliwa akaunti, anasoma, anasaini. Kwa mfumo wenye mahitaji 40 hivi, mimi ningeishia hapo.

Shida huanza mahitaji yakibadilika. Chukua hili: "Mteja akikosea namba ya siri mara 3, akaunti ifungwe." Wadau wakitaka iwe mara 5, mtu atarekebisha maneno ya hitaji, lakini alama kwenye jedwali itabaki vilevile na jaribio la zamani litaendelea kupima mara 3.

Jira, programu ya kufuatilia kazi za timu, ikiongezewa Xray, programu-jalizi ya kusimamia majaribio, jaribio huunganishwa na hitaji lenyewe, na matokeo hupanda hadi kwenye hitaji: limefaulu, limefeli, halijaendeshwa, au halina jaribio kabisa. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, maana ndilo jicho la binadamu hulipita kwenye jedwali refu. Historia ya mabadiliko ipo, ingawa lazima mtu aisome. DOORS, programu ya IBM ya kusimamia mahitaji, inasaidia zaidi, kwani hitaji likiguswa, kiungo chake huwekewa alama ya shaka, yaani kikaguliwe upya. Gharama ya programu hizi ni leseni, na wadau wasiozoea kuingia humo.

Mahitaji yakiwa bado yanayumba, lipieni Jira, ila ripoti ya kusainiwa ichapisheni.