Tofali gani la kupandishia boma? Mpangilio wangu kwa wajenzi wa Dar na Pwani

Mtu akishapata kiwanja chake Kibaha, Chanika au Kigamboni, huanza kuulizia bei ya tofali moja. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Hesabu ya ukuta hupigwa kwa mita ya mraba: tofali, saruji ya kujengea, ripu, usafiri na siku za fundi, vyote kwa pamoja. Chukua ukuta wa mita 6 kwa 3. Tofali za saruji za unene wa inchi 6 utahitaji kama 180, ukiweka na za kuvunjika. Tofali za kufungamana, zile zinazoshikana zenyewe zikipangwa, zenye urefu wa sentimita 30 na kimo cha 10 zitakwenda 600. Kwa hiyo hata la kufungamana likiuzwa nusu ya bei ya la saruji, kwenye tofali zenyewe bado hujaokoa kitu.

Namba moja kwangu ni tofali za saruji, lakini zifyatuliwe kiwanjani kwako ukiwepo. Nasisitiza ukiwepo, kwa sababu ubora wote uko kwenye mambo matatu: mfuko mmoja wa kilo 50 umetoa tofali ngapi, mchanga umetoka wapi, na maji yamemwagwa siku ngapi. Mimi sikubali zaidi ya tofali 30 za inchi 6 kwa mfuko. Mchanga ujaribu kwenye chupa ya maji: tikisa, acha utulie saa kadhaa, kisha tazama tabaka la tope lililokaa juu. Likiwa nene, rudisha lori. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, chumvi yake hula nondo za lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na kuchubua rangi ukutani mwaka hadi mwaka. Tofali zikishafyatuliwa zikae kivulini au zifunikwe, zimwagiliwe asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Saruji hufikia nguvu yake inayotegemewa kwenye siku ya 28, kwa hiyo fyatua mapema, wakati msingi bado unachimbwa.

Namba mbili ni za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umezihimiza kwa miaka mingi, na nadhani hazijapewa heshima yake. Unachookoa kiko hapa: kozi ya kwanza tu, yaani safu ya chini kabisa, ndiyo inayolazwa kwenye saruji ya kujengea, nyingine hupangwa kavu, na ukuta ukitoka vizuri hauhitaji ripu nje. Ndani ya nyumba nako kuna ubaridi mzuri. Sababu ya kuziweka ya pili ni mbili. Zinataka udongo mwekundu wenye kichanga. Kama kiwanja chako ni mchanga mtupu, kama sehemu kubwa ya Kigamboni, utasomba udongo kwa lori na faida yote itaishia barabarani. Halafu zinataka fundi aliyezoea. Kozi ya kwanza ikikosea pima maji kidogo tu, ukifika kwenye lenta ukuta umeshapinda, na hakuna saruji ya kujengea ya kufichia kosa. Mabomba ya umeme nayo yapangwe kabla, maana kuchimbua ukuta huu baadaye ni kuuharibu.

Tofali za kuchoma naziweka ya tatu kwa Dar, ingawa ningekuwa Iringa au Mbeya, ambako tanuru liko jirani, zingepanda juu. Lililoiva ukiligonga na mwenzake hulia kama chungu kizima. Bichi hutoa sauti ya kufa na ukililoweka usiku kucha kona zinalainika. Ukubwa haulingani, kwa hiyo saruji ya kujengea inaliwa sana. Muulize pia mchomaji anatumia nini. Panapochomwa kwa pumba za mpunga nanunua kwa moyo mweupe. Kuni zinamaliza misitu yetu.

Ya nne ni tofali za saruji zilizo tayari, za kando ya barabara. Wapo wafyatuaji waaminifu, tena wengi, lakini macho hayatoshi kuwatambua. Nilipojenga banda la nyuma nilinunua mzigo mmoja kwa haraka. Fundi alipoanza kuzishusha, kona zilimeguka mikononi mwake. Zilikuwa na siku nne tu tangu zifyatuliwe. Niliumia, kwa sababu fedha ile niliikusanya kwa miezi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, kwaruza tofali kwa msumari, kisha liinue hadi kiunoni uliachie lianguke kwenye udongo. Likivunjika vipande, ondoka. La inchi 6 lisilo na tundu lina uzito wa karibu kilo 30. Jepesi mno halijashindiliwa.

Tofali mbichi, za udongo usiochomwa, ni za mwisho kwa ukanda huu wa mvua nyingi. Ukilazimika, inua msingi, panua paa lipitilize ukuta vya kutosha, na usiache boma bila paa hata masika moja.

Na kama udongo wako ni mweusi, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba masika, weka orodha hii pembeni kwanza. Tafuta mhandisi autazame msingi, kwa sababu udongo huo hupasua ukuta wa tofali lolote.