Kuficha makosa ya fomula unapoprinti: Excel inajitahidi kiasi gani?

Habari zenu watazamaji. Leo naipima Excel kwa jambo moja dogo: jedwali lina #N/A, alama ya kosa la fomula isiyopata taarifa inayoitafuta, kila mahali, na linatakiwa kwenye karatasi sasa hivi. Programu inakusaidiaje?

Tazameni skrini. Hii ni orodha ya bidhaa. Safu B ni idadi, safu C inavuta bei kwa VLOOKUP kutoka laha nyingine, safu D inazidisha idadi kwa bei. Bidhaa ambazo bei zake hazijaingizwa zinaleta #N/A. Fomula ziko sawa kabisa, ni taarifa tu hazijafika. Lakini ukimpelekea mtu karatasi ya namna hii, macho yake yataishia kwenye hizo alama.

Sasa fungua Page Layout, bonyeza kishale kidogo kwenye kona ya kundi la Page Setup, halafu kichupo cha Sheet. Mnaona palipoandikwa Cell errors as? Kawaida huwa displayed, yaani makosa yachapwe kama yalivyo. Unaweza kubadilisha yawe nafasi tupu, vistari viwili, au yote yawe #N/A. Mimi nachukua vistari viwili, kwa sababu nafasi tupu humfanya msomaji ajiulize kama kuna kitu umesahau.

Bonyeza Ctrl na P, angalia onyesho la awali. Safi! Rudi kwenye laha: #N/A bado zipo, hakuna fomula iliyoguswa. Hapo ndipo ninapoipenda njia hii. Wewe unayefanya kazi unaendelea kuona kasoro, msomaji wa karatasi haoni. Ukihifadhi kama PDF nayo inafuata mpangilio huohuo. Ila ukimtumia mtu faili lenyewe, akilifungua atayakuta makosa yote yamekaa palepale.

Lawama yangu ya kwanza: kwa nini wameificha ndani hivyo? Watu wanatumia Excel miaka na miaka bila kufika kwenye kichupo hicho. Tena mpangilio ni wa laha moja moja, ukiwa na laha nyingine usidhani zimefuata. Na zile alama za ##### haziguswi, kwa sababu si kosa la fomula. Hizo mara nyingi ni safu nyembamba, ipanue.

Kubwa zaidi ni jumla. SUM ikikutana na kosa hata moja, nayo inatoa kosa. Kwa hiyo kwenye karatasi, mahali pa jumla napo patatoka vistari viwili! Dawa yake ni AGGREGATE, ipo tangu Excel 2010. Andika =AGGREGATE(9,6,D2:D20). Hiyo 9 ni kujumlisha, 6 ni kuruka makosa. Lakini ndugu zangu, jumla hiyo haina bidhaa zisizo na bei. Andika kando yake kwamba ni jumla ya zenye bei tu, la sivyo umempa mtu takwimu pungufu iliyovaa vizuri.

Wengi mtaniuliza, na IFERROR je, ile fomula inayoweka kitu unachochagua mahali pa kosa? Ipo tangu 2007, iko pia kwenye Google Sheets na LibreOffice Calc. Inafanya kazi, lakini inameza kila kitu. Ukifuta safu kwa bahati mbaya ikaja #REF!, au ukakosea jina la fomula ikaja #NAME?, nayo inafunikwa kimyakimya. Kwa VLOOKUP tumia IFNA, inashughulikia #N/A peke yake. Tahadhari moja: ukiweka "", yaani maandishi matupu, kwenye bei, safu D itazidisha maandishi na kukuletea #VALUE!. Hapo kwenye D andika =IF(ISNUMBER(C2),B2*C2,""). Na usiweke sifuri mahali pa bei inayokosekana, maana AVERAGE itaihesabu na wastani utashuka.

Ile ya kupaka maandishi rangi nyeupe sitaipotezea muda. Mstari ukiwa na rangi ya nyuma, yanaonekana.

Kwa karatasi na PDF naipa Cell errors as alama 8 kati ya 10. Mbili nimezikata kwa kule ilikofichwa. Faili likienda kwa mtu mwingine kuendelea nalo kazi, hapo IFNA ndiyo inashinda.