Jimu ya Arua: vyuma safi, sindano sitaki

Vyuma vya jimu hii ya karibu na soko, hapa Arua, Uganda, sina ugomvi navyo. Dambeli hazina kutu, benchi halitikisiki, na kwa shilingi 5,000 kwa siku unaoga maji ya kutosha. Taulo uje na lako. Tatizo liko kaunta. Mwalimu anauza unga wa protini, hicho ni chakula tu, lakini chini ya meza ana vichupa vya testosteroni, homoni ya kiume ya kudungwa kwa sindano, lebo nusu imebanduka, na anawasukumia vijana wa sekondari: "Kaka, miezi miwili tu utajaza shati." Hawaambii kwamba mwili ukipewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza yake, korodani zikasinyaa na mbegu zikapungua. Mtu mzima aliyeelezwa na daktari akaamua, sawa, mwili ni wake. Mtoto wa shule aliyefichwa hayo ameamua nini? Halafu anapandishwa jukwaani kushindana misuli na wenzake wanaokula posho (ugali) na maharage tu! Ben Johnson, mkimbiaji wa Kanada, alinyang'anywa dhahabu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 kwa steroidi, dawa za kujaza misuli za ukoo huo huo.

Nyota tatu, zote za vyuma. Nenda asubuhi; mwalimu huyo huingia saa kumi jioni.