Vipuri vya pedali ya gitaa: ukiwa Bagamoyo, pesa ianzie wapi

Mtu anayeunda pedali ya distosheni, yaani kisanduku cha kukanyagia kinachokwaruzisha sauti ya gitaa, kwa mara ya kwanza huhangaikia transista yenye jina, halafu jeki (tundu la kuchomekea waya) na swichi anachukua za bei ya chini kabisa. Kwa Bagamoyo, ambako magitaa hupigwa jirani na ufukwe, mpangilio huo ugeuzwe. Transista imefungwa ndani ya plastiki, hewa ya chumvi haiifikii kwa urahisi. Chumvi hushambulia pale chuma kinapogusana na chuma. Kwa hiyo tumepanga vipuri kuanzia vile vinavyostahili pesa zaidi.

Namba 1: swichi ya kukanyagia na jeki

Swichi inayotakiwa ni ya miguu 9, safu 3 za miguu mitatu mitatu; dukani itaje 3PDT. Kabla hujalipa, iwe Kariakoo au kwa fundi redio wa mjini, weka mita ya umeme kwenye alama ya mlio, ile inayolia nukta mbili zikiungana. Katika kila safu, mguu wa kati uwasiliane na wa upande mmoja tu. Ukibonyeza, uhamie upande wa pili. Bonyeza mara 20. Safu yoyote ikikosa mlio hata mara moja, irudishe. Nunua mbili, maana adui yake mkubwa ni pasi ya kulehemu: moto ukikaa kwenye mguu zaidi ya sekunde 3 hivi, plastiki ya ndani hulainika na mguso wa ndani kuhama. Lehemu mguu mmoja, nenda wa mbali, ndipo urudi wa jirani.

Jeki ni mbili za milimita 6.35. Ya kuingizia iwe ya stereo, ya kutolea iwe ya mono. Hasi ya betri hufungwa kwenye mguu wa pete wa jeki ya stereo, hivyo ukichomoa waya wa gitaa umeme unakatika. Ukifunga mono zote mbili, betri itaisha pedali ikiwa imelala ndani ya begi. Chomeka plagi pale pale dukani: ishikwe kwa nguvu, isichezecheze.

Namba 2: poti

Poti ni kipuri kinachozungushwa kurekebisha sauti. Poti imara iliyofunikwa mgongoni ni bora kuliko ile iliyo wazi, kwa kuwa vumbi na unyevu vikiingia kwenye njia ya kaboni, spika hukwaruza kila ukizungusha. Herufi ina maana: A ni ya logi (hupanda polepole mwanzoni, kisha haraka), na ndiyo ya sauti, B hupanda kwa usawa. Wauzaji huzichanganya kwenye boksi moja, basi zungusha hadi katikati, pima mguu wa kati na wa kwanza. Kwenye poti ya kilo-omu 100, B itasoma karibu 50. A itasoma kati ya 10 na 20. Angalia na shina lake, kwani kitasa cha shina la meno hakikai kwenye shina la mviringo.

Namba 3: kapasita

Kwenye njia ya sauti chukua za poliesta. Seramiki zitoshe kwa thamani ndogo za pikofaradi. Seramiki kubwa za bei rahisi hubadilika kwa joto na kupokea mtikisiko, ukigonga boksi unasikia. Usomaji: 104 ni nanofaradi 100, 473 ni 47, 103 ni 10. Ya elektroliti ya kusafisha umeme iwe maikrofaradi 100, volti 25. Hii usiitoe kwenye redio mbovu. Dawa ya ndani hukauka kwa miaka, na pedali itavuma.

Namba 4: aisii na transista

Hapa bei ndogo inatosha. Aisii ni kipande kidogo chenye saketi nzima ya kukuza sauti ndani yake. Kwa ovadraivu (distosheni laini) ya betri, tunaweka TL072 ya kwanza, 4558 ya pili. NE5532 ina kelele kidogo lakini hunywa takriban miliampea 8, karibu mara tatu ya TL072. Zote tatu zina mpangilio mmoja wa miguu, basi lehemu soketi ya miguu 8 na uzijaribu kwa zamu. Aisii ikiwa ndani, mguu wa 8 usome volti 9, wa 4 sifuri, wa 1 na wa 7 karibu 4.5. Ukikuta 9 au sifuri kwenye miguu ya kutolea, tafuta kosa kwenye rezista zinazogawa umeme kabla ya kulaumu aisii.

Kwa transista, BC549C inatosha sana. Ukiibadilisha na 2N5088 kumbuka miguu imegeuka: kolekta ya moja iko mahali pa emita ya nyingine (ni miguu miwili ya pembeni ya transista). Sauti ikitoka hafifu na mbovu, anzia hapo. AC128 na jamaa zake za jerumaniamu, transista za aina ya zamani, tunaziweka mwisho kabisa. Mvujo wake wa umeme huongezeka kwa joto, hivyo pedali iliyopangwa vizuri asubuhi hubadilika jukwaani juani mwezi wa Februari.

Rezista za robo wati, asilimia 1, nunua kumi kumi. Boksi liwe la aluminiamu. La plastiki hukaribisha mvumo.

Kwenye umeme usibahatishe. Pedali nyingi hutumia volti 9, hasi katikati ya plagi. Adapta za ruta nyingi zina chanya katikati, na baadhi ni volti 12, ingawa plagi inaingia vizuri kabisa. Funga daiodi 1N5817, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya wa chanya, mstari wake ukielekea kwenye saketi: utapoteza takriban volti 0.3, lakini adapta iliyogeuzwa haitaunguza kitu.